Baba Amenunua Mkate

Jumatatu, 2 Septemba

Baba amenunua mkate, majani ya chai na sabuni ya mche. Saa tatu na robo asubuhi. Nimeona kwenye simu nikiwa nimeshika mkasi, nakata utepe wa mapazia ya ukumbi. Basi, mzima. Nikaendelea na kazi.

Niandike vizuri, maana siku hizi naruka mambo. Kadi ni mbili, akaunti moja. Yangu ndiyo kubwa, ya Baba imetoka kwenye yangu. Supamaketi wanaziita kadi mama na kadi mtoto, kwa hiyo mimi ni mama wa baba yangu. Nilimpa Januari. Akinunua yeye, pointi zinaingia kwangu, na orodha ya alivyonunua inaingia pia. Lengo ni mashine ya kufulia. Pointi elfu hamsini. Tuko elfu arobaini na sita na kitu. Mwisho wa mwaka pointi za zamani zinakufa, kwa hiyo tunakimbia.

Baba hakuitaka ile kadi. Alisema duka la Mama Mizani liko hatua thelathini kutoka mlangoni kwake, aende mbali kwa lipi. Nikamwambia, Baba, pale unalipa tu, hupati kitu. Nunua kila kitu kwa kadi, hata kiberiti. Akanitazama mikono, ilikuwa imechubuka kwa sabuni. Akasema haya, kama inakusaidia.

Meseji ya leo kutoka supamaketi, ndivyo wanavyotuita sisi wenye kadi ya rangi ya fedha: "Rafiki wa Fedha, tumekuchagulia wewe." Nepi za watu wazima, punguzo. Binti yangu amecheka mpaka amekaa chini. Eti Mama, hata wao wameona ulivyochoka. Nami nimecheka.

Jumamosi, 7 Septemba

Nilikwenda kununua mchele na mafuta. Nimetoka na mchele, mafuta, na chupa tatu za dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu ukichukua tatu pointi zinazidishwa mara mbili. Dawa ya mashine ambayo sina. Binti akauliza tutaziweka wapi, nikasema chini ya kitanda, zikae na zile nyingine.

Kwenye rafu kila kitu kina bei mbili: ndogo ya mwenye kadi, kubwa ya asiye nayo. Leo nimesimama mbele ya mafuta ya kula nikajaribu kukumbuka. Mwaka jana, kabla ya kadi, nilikuwa nalipa ngapi? Nadhani ni hiyohiyo ambayo leo inaitwa bei ya rafiki. Sina hakika. Mimi risiti natupa. Wao wameweka zote.

Keshia: "Kadi unayo?" Hakuinua uso. Nikampa. Akaona rangi ya fedha, akainua uso, akanisalimia. Nisijidanganye, inapendeza.

Jioni meseji nyingine. Mfuniko wa godoro usiopitisha maji. Safari hii sikucheka. Kwa nini mimi? Nikafungua orodha — si ile jumla ninayoiangalia kila siku, orodha yenyewe, kitu kwa kitu. Alhamisi, saa tisa alasiri, kadi mtoto: NEPI W/ZIMA KUBWA x10.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Nikaiweka simu kifudifudi mezani, kama mtu aliyefungua mlango wa bafuni akamkuta mtu ndani.

Jumapili, 8 Septemba

Nimerudi nyuma kwenye orodha. Najua sikupaswa. Nimerudi.

Juni, tarehe kumi na moja, pakiti ya kwanza. Ndogo, ya kujaribu. Juni hiyohiyo mashuka mawili ya kahawia. Ndoo yenye kifuniko. Julai pakiti mbili. Dawa ya kupuliza chumbani, harufu ya limau. Agosti pakiti nne. Sabuni ya unga, tena na tena — zile sabuni nilizifurahia, zilikuwa na pointi za ziada. Majani ya chai yamepungua. Nadhani ameacha kunywa chai ya mchana. Nadhani anajinyima maji.

Vyote hivi vimenipita machoni. Miezi mitatu. Kila asubuhi nafungua, na ninachosoma ni ile namba ya juu tu.

Na hili ndilo linaniuma zaidi. Lini nilikwenda kwa Baba? Nimetafuta kwenye daftari hili. Tarehe nne Agosti. Kabla ya kadi nilikuwa nakwenda kila Jumapili, na katikati ya wiki napiga simu. Hakuna siku niliyoamua kuacha. Nilikuwa naona kanunua mkate, nasema mzima, nageukia mambo mengine. Mtu aliyekufa hanunui mkate. Hapo ndipo ilipoishia hesabu yangu ya hali ya baba yangu.

Nimempigia Kaka. Yuko mbali, safari ya saa sita kwa basi, na Baba anamsikiliza kuliko mimi. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka. Akasema hayo ni mambo ya kiume, dada, niachie mimi, nitaongea naye. Nikauliza lini. Akasema wiki hii. Sauti ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kutokea.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekwenda. Nilimwambia bosi naenda kupima dirisha la mteja. Nikamwambia Baba nimetoka kupima dirisha mtaa wa pili. Uongo mmoja, watu wawili.

Nyumba safi kupita kiasi. Harufu ya limau tangu mlangoni. Mashuka ya kahawia yako kambani nyuma ya nyumba, upande usio na jua. Zamani alikuwa anaanika mbele, shati zake za kugawia barua za posta zikipepea barabarani, wapita njia wanamsalimia kwa shati. Kiti chake kimefunikwa kitambaa kipya, chini yake nailoni. Nilikaa juu yake bila kufikiri, nailoni ikalia chwaa chini yangu. Tukajifanya hatujasikia.

Amevaa suruali nyeusi. Baba na suruali nyeusi! Maisha yote ni kaki.

Ameniuliza habari za binti, za cherehani, za bosi. Amenyanyuka mara tatu ndani ya saa moja. Mara ya tatu alipitia jikoni kwanza, akafungua bomba, ili nisijue alikokuwa anakwenda.

Nikauliza, Mama Mizani hajambo? Akasema hajui, hajakaa pale siku nyingi.

"Mbona?"

"Si uliniambia kila kitu kwa kadi. Sasa nikakae kwenye benchi la mtu, nimeshika mfuko wa duka jingine?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaja saa.

Nilitaka kulisema lile jambo. Nimeosha vikombe viwili vilivyokuwa safi, nikaondoka. Njiani nikawa najiuliza ningesema nini hasa. Baba, pole? Baba, nimesoma?

Kaka hajapiga.

Alhamisi, 12 Septemba

Mapazia ya ukumbi yamekwisha, marinda mia moja na ishirini, yote kwa mkono. Fundi mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Kidole, ameniona nimetulia mno, akauliza nina nini. Nikamwuliza: ungependa mwanao ajue kila unachonunua? Akafikiri huku anauma uzi. Akasema mwanawe hajui hata anavaa viatu namba ngapi, na angefurahi ajue. Lakini aulize, akasema. Asipekue.

Simjibu mtu nikiwa na sindano mdomoni. Nilishukuru kwamba nilikuwa nayo.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku mbaya.

Supamaketi wamempelekea Baba zawadi. Hakuna aliyewaomba. Anwani yake tuliijaza wenyewe Januari, kwenye fomu ya kadi. Pikipiki ilisimama mlangoni kwake saa nne asubuhi. Baba alikuwa bafuni. Akapokea mpangaji wa upande wa pili, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Mfuko wenyewe wa nailoni, unaonyesha. Ndani nepi tano za kuonja — wameandika hivyo, za kuonja — na kijitabu chenye picha ya wazee wanaocheka, na kadi: "Kwa rafiki yetu mpendwa. Tunakuelewa." Mpangaji akagonga, akasema kwa sauti yake ileile, Mzee, vitu vyako hivi wamekuletea.

Baba alinipigia mwenyewe. Tangu Mama afariki hajawahi kunipigia kabla ya mchana.

"Umewaambia nini watu hawa?"

"Sijawaambia kitu, Baba."

"Wamejuaje?"

Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Ile kadi. Ukiipitisha wanaandika ulichonunua."

"Wao."

"Wao. Na mimi pia, Baba. Inaingia kwenye simu yangu."

Nilisikia bomba lake linadondosha maji.

"Tangu lini?"

"Tangu Januari."

"Kwa hiyo siku ile uliyokuja kupima dirisha."

"Ndiyo."

Naandika alivyosema, nisije nikajilainishia baadaye. Alisema: "Nimegawa barua za watu miaka thelathini na moja. Kulikuwa na kadi za posta, hazina bahasha, maneno yako wazi kama uso wa mtu. Sikusoma hata moja. Nilikuwa nazibeba zimeangalia chini. Nilikwenda duka lile kubwa kwa sababu hakuna anayenijua. Kwa Mama Mizani ningeanzaje kuagiza kitu kama kile? Nikaenda kwa wasionijua. Na kadi nikaipitisha kwa sababu binti yangu anataka mashine."

Akakata. Hakubamiza. Aliaga kwanza, kama kawaida yake, na hilo likanimaliza kabisa.

Jumatatu, 16 Septemba

Hapokei simu. Nimepiga mara nne. Nimeandika ujumbe, nikaufuta. Nimeandika mwingine: samahani, Baba. Simu imeonyesha kwamba umesomwa. Hata hilo nalo linaonyeshwa. Hakuna kitu siku hizi ambacho mtu anaweza kukisoma peke yake.

Jumatano, 18 Septemba

Bahasha imefika kazini. Ya rejista, stempu mbili, mwandiko wa Baba, herufi zimesimama wima. Anakaa dakika ishirini kutoka hapa kwa miguu. Amenitumia kwa posta.

Ndani kadi mtoto, imefungwa kwenye karatasi. Karatasi ina mstari mmoja: "Pointi zote ni zako. Mimi naomba nitoke."

Bahasha ameipaka gundi pande zote. Nimeichana kwa mkasi wa vitambaa, bosi akanigombeza, mkasi wa vitambaa haukati karatasi, mara ngapi nimeshasema. Nikaona afadhali, nimegombezwa kwa jambo dogo.

Ijumaa, 20 Septemba

Orodha haina kitu, siku ya sita sasa. Asubuhi nashika simu kabla sijafumbua macho vizuri, naangalia, hakuna mkate. Najua kwa nini hakuna. Naangalia tena.

Mchana amepokea. "Mzima. Wewe?" Mzima, Baba. "Binti?" Mzima. "Haya." Nilitaka kumshika kwa mazungumzo, nikagundua sina la kumwuliza. Miezi tisa sijamwuliza kitu, nimesahau mtu anavyoanza.

Baada ya kazi nimekwenda supamaketi, dawati la huduma kwa wateja. Dada mmoja mwenye skafu ya kampuni shingoni, mpole. Nikamwambia nataka wafute vyote alivyonunua baba yangu. Akabofya, akabofya. Akasema kadi mtoto anaweza kuifunga sasa hivi, lakini kumbukumbu zinabaki, imo kwenye masharti.

"Masharti gani?"

"Yale uliyoyakubali ulipojiunga, dada."

Akanigeuzia skrini. Kurasa arobaini na mbili, na mwisho wake alama ya vema. Ni binti yangu aliyebonyeza, mimi nikiwa natunga uzi kwenye sindano, nikasema bonyeza tu, twende.

Nikauliza, na hizi meseji, na zawadi? Akasema hizo zitakoma akaunti nzima ikifungwa. Nikasema ifunge. Akasema sawa, ila pointi zote zinapotea papo hapo, na unazo — akasoma — elfu arobaini na nane. "Umebakiza kidogo sana. Una hakika?"

Nikasema nitarudi.

Hili niliandike lilivyo. Baba yangu anaona haya kutoka nje ya mlango wake, na mimi nimesimama pale nawaza ni chupa ngapi za mafuta zitanifikisha elfu hamsini. Mashine kwanza, kisha nifunge. Ndivyo nilivyowaza. Nimetoka, na karibu na mlango, kwa mazoea, nimechukua mkate na kupitisha kadi.

Nimeula huo mkate. Hauna ladha yoyote, lakini hiyo si habari mpya, mkate wao haujawahi kuwa na ladha.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimekwenda dukani kwa Mama Mizani, saa ya mapumziko ya mchana. Jina amepewa kwa ile mizani yake ya shaba, anaifuta kila asubuhi kabla hajafagia. Duka dogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Benchi bado liko nje.

Alinijua mara moja. Hakuzunguka.

"Nilimkosea nini baba yako?"

Nikasema hujamkosea kitu, Mama.

"Tangu Januari anapita upande ule wa barabara. Mfuko anauhamishia mkono wa pili nisiuone. Mimi nauona. Siulizi. Duka si ndoa, mtu anakwenda anakotaka. Lakini alikuwa ananisomea gazeti, kila siku, mpaka matangazo ya vifo. Macho yangu hayashiki herufi ndogo. Sasa hivi gazeti nafungia sabuni."

Nilidhani nimemhamisha Baba kutoka bei moja hadi nyingine. Kumbe pale benchini ndipo alipokuwa akitumia maneno yake ya siku nzima. Pale supamaketi anaulizwa kama anayo kadi, anasema ndiyo, basi. Neno moja. Kisha anarudi nyumbani akae na ukuta.

Mama Mizani akasema Jumamosi amerudi. Mkate na kiberiti. Alifurahi mno, akaondoa makreti ya soda benchini kwa mikono yake mwenyewe, karibu, Mzee, kaa. Baba akasema ana haraka, atasimama tu. Akasimama nusu saa nzima na haraka yake, akamsomea kurasa mbili, akaondoka ghafla katikati ya habari.

"Anaumwa?" akaniuliza.

Nilijua kwa nini hakukaa. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na yule mama anampenda, angeweza hata kusaidia. Nikasema, "Sijui, Mama. Mwenyewe atasema."

Akasema haya. Akanipimia sukari robo ambayo sikuiomba, akakataa pesa. "Hii haina kadi," akasema, na tukacheka kidogo, sote tukiwa na huzuni.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimefunga.

Dada yuleyule wa skafu. Amenipa karatasi mbili za kusaini, kisha akasema kompyuta inataka sababu: kuhama, bei, huduma, nyingine. Nimechagua nyingine. Ile namba imekuwa sifuri mbele ya macho yangu, kwa muda mfupi kuliko wa kutunga sindano.

Binti hajasema nami tangu jioni. Alisema tu, "Elfu mbili, Mama. Zilibaki elfu mbili." Sikumweleza, kwa sababu siri si yangu. Amekwenda kuloweka mashuka mwenyewe, kwa kelele.

Kaka amepiga hatimaye. Ameongea na Baba, wameongea mpira. Baba yuko sawa kabisa, anasema.

Jumapili, 29 Septemba

Binti amekuja chumbani kwangu na chupa moja ya ile dawa ya kulainisha. Tunazo kumi na moja chini ya kitanda, amezitoa zote. Akauliza kama mtu anaweza kuitumia kwa mkono. Tukajaribu kwenye beseni. Povu halikuisha, tulisuuza maji saba. Mashuka yakanukia kama hoteli.

Katika kusuuza akasema, polepole, "Ni kuhusu Babu?" Nikasema ndiyo. "Anaumwa?" Nikasema nitamwuliza. Akakamua upande wake wa shuka, nami wangu, tukakutana katikati. Hakuuliza tena.

Jumanne, 1 Oktoba

Leo bila dirisha. Nilimwambia bosi naenda kwa baba yangu. Akasema nenda.

Baba alifungua, akabaki ameshika mlango. Nikamwambia nimefunga akaunti nzima. Akauliza, na mashine? Nikasema mikono ipo. Akasogea, nikapita.

Nimekaa kwenye stuli. Nikamwambia pia kwamba waliyoyaandika hawayafuti, nimewaomba wamekataa. Sikutaka aje alisikie kwa mwingine. Akatikisa kichwa. Akasema basi wakae nayo. "Sijui watafanyia nini suruali za mzee wa posta." Alikuwa karibu kutabasamu.

Kisha nikauliza.

"Baba, unaumwa?"

"Si unajua."

"Najua ulichonunua. Unachoumwa sijui. Nakuuliza wewe."

Akakunja na kukunjua ncha ya kitambaa cha meza. Akasema, "Kaka yangu alianza hivihivi."

Baba Mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa alipofariki. Tuliambiwa ni mgongo.

"Haukuwa mgongo. Ilikuwa tezi dume. Alificha miaka miwili, alipokwenda hospitali wakamwambia amechelewa. Mimi ndiye niliyekuwa namfulia." Akakinyoosha kile kitambaa. "Analia, mimi nafua. Nikaapa hakuna mtu atakayenifulia mimi. Ndiyo maana nikawa nanunua zile. Unatumia, unatupa, humsumbui mtu."

Hospitali hajakwenda. Anasema asipokwenda, bado hajaambiwa.

Nilikuwa na maneno mengi. Nimeyameza. Nikauliza kama nije Ijumaa, twende wote, mimi nikae nje.

"Nje kabisa?"

"Nje kabisa."

Akasema atafikiri. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni akasema saa mbili, usichelewe, foleni yao ni ndefu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Naandikia benchini, kliniki. Saa tano kasorobo.

Tumekuja kwa miguu, polepole. Tumesimama mara mbili njiani karibu na choo cha umma, na mara zote nilisimama mimi kwanza, nikasema nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba. Mara ya pili Baba alisema, "Funga vizuri."

Suruali nyeusi, shati jeupe, amenyoa. Kwenye foleni ametaniana na mzee mwingine kuhusu timu. Nimekaa nafasi tatu mbali naye, kama tulivyokubaliana.

Daktari amemwona. Dakika ishirini, mlango umefungwa. Alipotoka uso wake sikuuelewa, na sikujaribu. Ametolewa damu. Akaja akakaa karibu yangu, akasema akitazama mbele: majibu ni Jumatano. Si lazima iwe ile ya Baba yako Mkubwa. Daktari anasema ziko za aina nyingi, nyingine zinakwisha kwa vidonge. "Amesema ningekuja mapema." Nikasema ndiyo, Baba. Akasema, "Wewe nawe ungeuliza mapema." Nikasema ndiyo.

Wamemwita tena. Sasa yuko kaunta. Muuguzi wa mapokezi amempa fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Namsikia anavyomwelekeza: jina hapa, umri hapa, sahihi. Hapa chini, Mzee, namba ya simu ya kutumiwa majibu. Inaweza kuwa yako, inaweza kuwa ya ndugu. Wengine wanaandika ya mtoto wao. Ukiandika mbili tunatuma kwa wote wawili.

Ameandika jina. Ameandika umri. Kutoka hapa sioni, na shingo sinyooshi. Amefika chini. Kalamu imesimama.

Muuguzi anasema usiwe na haraka.

Baba amegeuza kichwa, ananitafuta benchini. Nimeinama, naandika, naandika chochote kinachokuja, asije akadhani nasubiri.